Mahali pa Kuweka "Yangu"

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa chumba cha tafsiri, na kusema kweli nilishusha pumzi. Mlinipa kiti na maneno mazuri mno. Mengine sikujua mnamsema nani. Halafu mmoja wenu, simtaji, akaniambia nikiwa navaa koti, "Mzee, tuandikie basi. Tuambie mlifanyaje kazi zamani, kabla ya mashine ya kupiga chapa." Nimekaa nyumbani siku nne sasa. Mke wangu ameshachoka kuniona nikizunguka migombani kama mtu aliyepoteza kuku, kwa hiyo nimechukua kalamu. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo yamo kwenye mafaili na hayamfundishi mtu kitu. Nitaandika ya enzi za Mjerumani tu, nilipoanza. Ya baadaye mliyaona wenyewe, au mmesimuliwa na watu wanaopenda kusimulia kuliko mimi.

Kwetu ni juu, kwenye mteremko wa Meru, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia hadi kitandani. Baba alikuwa na migomba, maharage, na ng'ombe watatu wa kufugwa ndani. Tulikuwa wana wawili: kaka yangu Sangito, mzaliwa wa kwanza, na mimi Anaeli. Misheni ilipofungua shule upande wa pili wa korongo, baba alinishika mkono akanipeleka mwenyewe, ingawa nilikuwa kijana mkubwa niliyekwisha kutahiriwa. Alisema anataka mtu mmoja nyumbani anayeweza kusoma barua za bomani bila kudanganywa na mkalimani. Sangito alikubali shingo upande. Nikienda shule, majani ya ng'ombe yanakatwa na nani? Na yeye. "Ukubwa jaa," alikuwa akisema, huku ananoa panga, naye hasemi kwa utani.

Nilisoma miaka mitatu. Siku moja mwalimu akaniambia niende nyumba ya mchungaji, anatafuta mtu wa mwandiko mzuri. Huyo mchungaji watu walimwita Bwana Karatasi. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu nyekundu, na kila mfuko wa koti lake ulitoa karatasi: ukimsalimia anachomoa moja, anaandika ulivyomsalimia. Wazee wengine waliogopa kwamba anakusanya maneno yao akayauze kwao Ulaya.

Nilimkuta amekaa mbele ya meza ndefu. Hakuniambia nikae.

"Unajua kusoma?"

"Najua, Bwana."

"Unajua kuandika?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

Sikujua jibu sahihi ni lipi, nikanyamaza. "Vizuri," akasema, akanipa kiti. Ndivyo nilivyoajiriwa. Ninyi mlipoajiriwa mlijaza fomu nne.

Kazi yake ilikuwa kutia maandiko ya kanisa katika Kimeru. Wachungaji wenzake walitafsiri kutoka Kijerumani, wakamaliza upesi. Yeye alikataa. Alisema ukitaka maji safi panda juu ya mto, usinywe chini ambako ng'ombe wameshapita. Huko juu ya mto kulikuwa na Kiyunani cha kale, lugha ambayo hata wenyewe waliokuwa wakiisema wamekufa siku nyingi. Tena alitaka msaidizi wake akione Kiyunani kwa macho yake mwenyewe, asiambiwe tu. Kwa jambo hilo wenzake walimcheka. Walisema Mmeru atajifunza kunakili herufi kama kasuku, basi, na kwamba miaka anayopoteza juu yangu angeweza kujengea kanisa. Niliyajua hayo kwa sababu waliyasema mbele yangu, kwa Kijerumani, wakidhani sijui, kumbe nilikuwa nimekiokota kwa kuwasikiliza.

Sasa vifaa, maana mliniuliza. Meza yetu ilisimama kwa miguu minne ndani ya makopo manne yenye maji, kwa ajili ya mchwa na siafu. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuongeza maji kwenye makopo. Siku niliyosahau, mchwa walikula herufi zote kuanzia alfa hadi delta, na tangu hapo sikusahau tena. Juu ya meza palikuwa na sanduku la visanduku vidogo, na ndani yake vipande vya karatasi, kila kipande neno moja la Kiyunani. Tulivikata kutoka karatasi za kufungia sukari na migongo ya matangazo ya boma. Majina kwa wino mweusi, vitenzi kwa mwekundu, na maneno ya umiliki, yaani yangu, yako, yake, kwa kalamu ya risasi ya bluu. Upepo wa mlimani ni mkorofi, kwa hiyo kila kipande kilikandamizwa kwa buni moja. Mtu akiingia ghafla na kuacha mlango wazi, utasikia buni zinavingirika sakafuni na Bwana Karatasi anataja shetani kwa lugha tatu.

Tulifanya hivi: anapanga sentensi ya Kiyunani mezani, ninaisoma kwa sauti. Halafu anahamisha kipande kimoja, ananiuliza maana imebadilika au haikubadilika. Nikikosea anavikusanya vyote, tunaanza upya. Alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa haraka. Mara moja nilijibu kabla hajamaliza kupanga, akanituma nje nikahesabu migomba yote ya misheni kwanza. Nilirudi na jibu sahihi. Mpaka leo nikiona mmoja wenu anatafsiri huku anatazama saa, natamani kumtuma migombani.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa herufi na mwisho wa maneno. Mwaka wa pili ndipo nilipokutana na maneno ya bluu, na ndiyo yaliyonitoa jasho kuliko yote. Kwetu jambo hili halina taabu. Neno la umiliki hufuata jina kama ndama anavyofuata mama yake: shamba langu, ng'ombe wangu, baba yangu. Ukilitanguliza, watu watadhani unaimba. Wayunani wao walilihamisha watakavyo, na kila likihama, kitu kinabadilika.

Bwana Karatasi alinieleza kwa nyumba. Kiyunani kina neno dogo linalotangulia jina. Baba ni *pater*, wanasema *ho pater*. "Chukua *ho* kuwa mlango," alisema, "na *pater* kuwa ukuta wa nyuma. Kilicho katikati kimo ndani ya nyumba. Kilichobaki kiko uani." Akaweka kipande cha bluu katikati: *ho emos pater*, baba yangu, yangu mimi, si wa mtu mwingine. Hilo *emos* ni neno zito, linakaa ndani na wenye nyumba. Kisha akaliondoa akaweka dogo, *mu*, nyuma ya ukuta: *ho pater mu*. Nalo ni baba yangu, ila kwa kawaida tu, bila kubishana na mtu. Hilo *mu* ni dhaifu, haliwezi kusimama peke yake wala kuanza sentensi. Linaegemea neno lililo mbele yake kama mlevi anavyoegemea rafiki yake.

"Na nikilitoa *emos* nje ya mlango?" nilimuuliza.

Alifurahi mpaka akasimama. Akabadilisha jina, akaweka shamba, ambalo ni *agros*. *Ho emos agros*: shamba langu. *Emos ho agros*: shamba ni langu. Maneno ni yaleyale matatu. Ndani ya mlango unalitaja tu. Nje ya mlango unadai.

Wakati ule walowezi walikuwa wameanza kupima ardhi chini ya mlima, kuanzia mto Ngarenaro kwenda juu, na kila mtu wa mlima alikuwa anajifunza tofauti ya kutaja na kudai kwa njia yake. Nilimwambia kwamba kwetu tofauti hiyo huambiwi kwa maneno, unaonyeshwa isale, ule mmea wa mipaka, uliopandwa kati ya shamba na shamba. Akachomoa karatasi mfukoni akaandika.

Neno "yake" lilikuwa gumu zaidi. Mtu akisema "alimwita baba yake", baba wa nani? Wake mwenyewe, au wa yule jirani tuliyemtaja juzi? Kiswahili kinakuachia ukisie. Kiyunani kikitaka kusema baba yake mwenyewe, kinatia neno ndani ya mlango. Kikitaka baba wa yule mwingine, kinaliweka nje, uani. Kwa ukurasa mmoja wa namna hiyo tulikaa siku kumi na moja. Baadhi yenu mmeniona nikirudisha kazi kwa ajili ya "yake" moja mkasema mzee ana gubu. Gubu ninalo, lakini nilifundishwa.

Ilikuwa katika siku kama hizo ndipo baba alipougua. Nilijua anakohoa, lakini nani hakohoi kwenye ukungu ule? Asubuhi moja akaja mjumbe, jirani yetu, akasimama mlangoni akasema naitwa nyumbani, mzee hali yake si nzuri. Bwana Karatasi aliniambia niende. Nataka lieleweke hilo, maana wengine baadaye walimlaumu yeye. Aliniambia, "Nenda." Mimi ndiye niliyesema namaliza ukurasa kwanza. Ulibaki mistari sita, vipande vilikwisha kupangwa, na nilijua nikiondoka upepo utavitawanya. Nikamwambia mjumbe atangulie, nitamfuata.

Nilimaliza, nikavuka korongo mbio. Nilipofika jua lilikuwa limeanza kushuka, na wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Sangito alisimama katikati ya njia ya migombani. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Rudi kwenye karatasi zako," alisema. "Hapa huna baba."

Nilizika kwa mbali, nimesimama na majirani kama mpita njia. Sasa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu vijana wa siku hizi mnagombana na ndugu zenu asubuhi na jioni mnakula sahani moja. Katika ukoo wetu baba akifa, mkubwa anashika kiti chake. Ukiwa umekosana naye, na hajakuita mkapatana, huwezi kumtaja baba kuwa wako mbele yake. Ukimtaja unamwambia mkubwa wako kwamba kiti alichokalia ni cha wizi, na maneno hayo huleta laana, si kwako tu, hata kwa watoto ambao hujawazaa. Hakuna aliyeniandikia sheria hiyo. Nilikua nayo kama nilivyokua na meno.

Ikapita miaka miwili. Nikikutana na Sangito njiani namwamkia, anaangalia mlima. Nilituma wazee mara mbili. Mara zote mbili walirudi wakiwa wameshiba pombe yake na bila jibu. Mchana nilifanya kazi vizuri, labda kuliko zamani, kwa sababu sikuwa na kwingine pa kwenda. Lakini ile mistari sita sikuweza kuisoma. Ilipofika zamu yake katika kunakili, nilimwomba Bwana Karatasi ainakili yeye, naye aliinakili bila kuniuliza. Nilijiona mtu aliyemuuza baba yake kwa vipande vya karatasi ya sukari. Ndivyo nilivyojiita, na hapakuwa na wa kunikatalia.

Ndipo ikaja barua. Wakubwa wa misheni walisikia kwamba kuna mchungaji Meru anayepoteza miaka kumfundisha mwenyeji Kiyunani, na tafsiri yenyewe haijaisha. Wakamtuma Mkaguzi. Bwana Karatasi alinisomea barua yote, hakunificha kitu. Mkaguzi atanipima mwenyewe. Akiona najua ninachofanya, kazi itaendelea. Akiona ni kasuku, tafsiri itachukuliwa na wale wa kutoka Kijerumani, Bwana Karatasi atahamishiwa kituo kingine, na mimi nitapelekwa bomani, ambako walitaka vijana wa kuvunja kokoto za barabara.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Naogopa, Bwana."

"Mimi pia," alisema. Akaenda mwenyewe kuongeza maji kwenye makopo, kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi, amechoka, suruali ina matope hadi magotini. Alikuwa mnene, mwenye macho makali na sauti ndogo. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa jambo la kipuuzi na kutembea siku nyingi kwenda kulitazama. Hakutaka hata kunywa chai kwanza. Alikaa, akafungua daftari, akamwaga visanduku viwili vya vipande mezani, akavichanganya kwa kiganja. Buni zangu zote zikaanguka. Yeye aliuliza kwa Kijerumani, na Bwana Karatasi akanigeuzia kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo ilikuwa amri: nisisaidiwe kwa Kimeru, lugha ambayo Mkaguzi hakuielewa.

Alianza na mepesi, akaenda magumu. Nilipanga. Akahamisha, nikaeleza. Akataka shamba langu, nikaweka *ho emos agros*. Akataka shamba ni langu, nikalitoa *emos* nje ya mlango. Aliinua nyusi. Akavuruga tena, akanipa sentensi yenye "yake" mbili ndani yake, moja ya mwenyewe na moja ya mwingine, mtego wa makusudi. Nikauruka. Nilimwona Bwana Karatasi amelegeza mabega, nami nikaanza kuona raha, kusema kweli. Ilikuwa kama kucheza bao na mtu anayelijua.

Hapo wapagazi wakafika na mizigo. Mkaguzi alitaka sanduku lake la vitabu liwe karibu naye, akapaza sauti liletwe ndani. Mpagazi akaingia akiwa amelibeba begani, akasimama kando ya mlango akingoja kuonyeshwa pa kuliweka. Niligeuza macho tu, kama mtu anavyogeuza. Alikuwa Sangito. Boma lilikuwa limedai wapagazi kutoka kila ukoo, na kwetu mwanamume aliyebaki nyumbani alikuwa mmoja.

Mkaguzi hakumtazama. Alinitazama mimi, akauliza swali lake.

"Anasema," Bwana Karatasi akageuza, "weka *baba yangu*. Kwa mkazo. Yangu mimi, si wa mtu mwingine."

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote ya siku ile. Nikaweka *ho*. Nikaweka *pater*, nikaacha nafasi katikati. Nikachukua kipande cha bluu, nikakishika. Mkono haukushuka.

"Anaeli," alisema Bwana Karatasi, "hili unalijua."

"Nalijua, Bwana."

"Basi weka."

"Siwezi."

Nikaomba nipewe ng'ombe wangu, nipewe nyumba yangu, chochote, nitakipanga. Mkaguzi akatikisa kichwa: ameuliza baba. Akasubiri kidogo, kisha akachovya kalamu akaanza kuandika kwenye daftari lake, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona alichotarajia kukiona. Bwana Karatasi alitazama dirishani. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Nilijua ninammaliza yule mzee aliyenipa kiti, namvunjia kazi ya miaka, na neno linalotakiwa ninalo mkononi. Na bado sikuweza. Ningeliweka vipi mbele ya mtu aliyeniambia sina baba, naye ndiye mwenye haki ya kusema hivyo?

"Anaeli." Ilikuwa sauti ya Sangito, kwa Kimeru. Miaka miwili sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake. "Wanataka nini kwako hawa?"

Mkaguzi akageuka kwa hasira, mpagazi anazungumza nini? Bwana Karatasi akainua mkono kumzuia. Ndiye Mzungu pekee mle ndani aliyejua Kimeru, na alikuwa amesikia.

"Wanataka niseme baba yangu," nilimjibu.

"Si useme."

"Upo hapo, kaka. Nitasemaje?"

Sanduku lilikuwa bado begani mwa Sangito, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kisha akalishusha sakafuni polepole, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Siku ile," alisema, "mjumbe aliporudi peke yake, nilimwambia baba kwamba hukuja, unamaliza karatasi zako. Nilimwambia kwa hasira, nikitaka naye akasirike. Akasema, 'Mwacheni amalize. Nilimpeleka mwenyewe.' Halafu akaomba maji, akanywa kidogo. Hakusema tena." Akajifuta uso kwa mkono. "Mimi nilikuwa pale tangu alfajiri, nimemshika kichwa. Nimekata majani ya ng'ombe wake miaka yote. Na neno lake la mwisho likawa lako. Sikuweza kukupa, Anaeli. Nilikuwa nalo, nikakunyima."

Nilikitazama kile kipande cha bluu mkononi mwangu.

"Sema," alisema kaka yangu. "Ni baba yako. Sema wamalize, mimi nimechoka."

Nikaweka kipande cha bluu katikati ya mlango na ukuta. *Ho emos pater.* Kisha bila kuulizwa nikakitoa, nikaweka dogo nyuma, *ho pater mu*, nikaeleza tofauti yake. Nilieleza kwa Kijerumani, nikasahau kabisa kwamba sipaswi kukijua. Nilieleza yote.

Mkaguzi alimuuliza Bwana Karatasi kulikuwa na ubishi gani. Bwana Karatasi alijibu kwamba nilikuwa naomba ruhusa kwa mkubwa wangu. "Ruhusa ya sarufi?" aliuliza Mkaguzi. "Ruhusa ya baba," alijibu yule mzee, na akatoa leso. Mkaguzi alimtazama Sangito muda mrefu, miguu yake yenye matope, bega lake lililochubuka. Kisha akafuta alichoandika, akaandika upya, na hapo ndipo akaomba chai.

Vijana wangu, mliwahi kuniuliza kwa nini nikimpa mtu mtihani nauliza kwanza nani mwingine yumo chumbani. Mnadhani ni uzee.

Nilitoka nje, nikamkuta Sangito amekaa kwenye ngazi ya nyuma, anajisugua bega. Nikakaa ngazi ya chini yake. Baada ya muda Bwana Karatasi akaja mbio, kope zimelowa, akaniambia kazi inaendelea, tafsiri ni yetu, hakuna anayehamishwa. Nilifurahi, sitadanganya. Nikamwambia asante. Lakini alikuwa amenikatiza kabla sijamuuliza Sangito nilichotaka, na nilingoja aondoke.

"Baba alisemaje?" nilimuuliza kaka yangu.

"Nimeshakuambia."

"Niambie tena."

Akaniambia tena, kuanzia mjumbe mpaka maji. Nikamwomba mara ya tatu. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mjinga, akavuta pumzi, akarudia neno kwa neno, nami sikutaka hata moja lihamishwe.